Mashine ya Mama, Mashine ya Serikali

Mimi nimesomeshwa na unga. Siku za kutembelewa pale shule ya bweni Arua, wazazi wa wenzangu walikuja na mikate na biskuti, mama yangu alikuja na unga kwenye nyusi. Alipanda gari alfajiri kutoka Koboko baada ya kuhakikisha mashine imewaka, na hakuwa na muda wa kujipangusa vizuri. Wasichana walinicheka. Nami, mjinga wa miaka kumi na minne, nilimwomba mara moja avae kitambaa kichwani kinachofunika mpaka machoni. Alinitazama tu, akanipa pesa ya matumizi, akarudi kwenye mashine yake.

Mashine yenyewe ilikuwa injini ya dizeli na kinu cha nyundo, ndani ya kibanda cha mabati kando ya barabara inayokwenda mpakani, kona ile ambapo Uganda inakutana na Kongo na Sudan Kusini. Watu wa Koboko walimwita mama Mama wa Mashine, mpaka nadhani wengine hawakujua ana jina. Hapo kibandani lugha ilikuwa Kiswahili chetu cha huku, kwa sababu foleni ilikuwa na Wakakwa, Walugbara, watu wa Kongo na watu wa Sudan Kusini, na kila mmoja alitaka kulalamika akaeleweka.

Mama alikuwa na sheria zake. Mtu wa kwanza asubuhi hupoteza unga, kwa sababu tumbo la mashine linakuwa tupu na lazima libaki na kitu. Mama hakutaka mteja aanze siku kwa hasara, basi kila asubuhi alifungua mashine kwa muhogo wake mwenyewe. Wimbi, yaani ulezi wa uji wa watoto, lilikuwa na siku yake, lisije likachanganyika na muhogo uliovundikwa, ule wenye harufu kali. Ukileta muhogo ambao haujakauka alikutukana mbele za watu, na matusi yake yalikuwa mazuri, watu walikwenda nayo nyumbani. Sisemi alikuwa malaika. Dizeli ikipanda, bei yake ilipanda siku hiyohiyo, na ikishuka alichelewa kusikia habari.

Lakini sheria moja hakuivunja hata siku moja. Ukiwa na msiba, ulichomeka tawi bichi kwenye kikapu chako, kama yale matawi wanayofunga kwenye magari ya maiti. Foleni ikiona jani inafunguka. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Unga wa msiba ulisagwa kwanza na bila malipo, hata kama ni magunia matatu, hata kama ni Jumapili na mama ameshavaa nguo za kanisani. Huku kwetu mtu akifa, waombolezaji wanakula ule ugali mweusi wa muhogo na mtama, wa kuvutika, siku nzima na kesho yake. Mama alisema mtu asizikwe na watu wenye njaa.

Aliyesaga unga huo wote alikuwa fundi. Alikuja kutoka Sudan Kusini wakati wa vita, peke yake, akiwa na spana mbili na shati moja. Alisimama pembeni akasikiliza injini, kisha akamwambia mama kwamba beringi moja inakufa. Mama alidhani ni mwizi. Siku ya tatu beringi ilikufa kweli, na tangu hapo akakaa. Alipewa chumba cha nyuma ya kibanda. Hakuwa na ndugu Koboko, na akiulizwa ndugu zake wako wapi alionyesha kinu kwa kidevu. Miaka ishirini alikula vumbi la muhogo zaidi kuliko alivyokula muhogo.

Nikamaliza chuo, nikapata kazi katika ofisi ndogo ya serikali pale Arua, ofisi ya miradi inayohudumia wilaya kadhaa za West Nile. Nilipanga chumba katika mtaa wa Awindiri, hapohapo mjini. Kila nilipokwenda Koboko, mama alinitembeza kwa wateja kwenye foleni.

"Huyu mtoto yangu," alisema. "Iko serikali."

Hakusema anafanya kazi serikalini. Alisema iko serikali, kana kwamba nimebeba bendera mfukoni. Fundi alisimamisha kazi kunisalimia, akajifuta mkono mara mbili kabla ya kunipa. Niliona aibu kidogo, na nilipenda pia. Nisidanganye, nilipenda sana.

Sasa, kuna fomu. Mambo yote mabaya niliyofanya maishani nimeyafanya kwa kalamu. Ilikuja kutoka juu fomu ya mradi wa mashine za kusaga. Serikali ilitaka kuweka mashine za umeme ambapo wananchi hawana huduma. Swali moja liliuliza: Je, kituo hiki kina mashine ya umma? Nilijaza vituo kumi na viwili. Nilipofika Koboko, barabara ya mpakani, kalamu ilisimama. Nilijua kuna mashine pale. Nilijua mpaka mlio wake. Lakini fomu haikuuliza kama kuna mashine, iliuliza kama kuna mashine ya umma. Nikaandika: Hakuna. Ilikuwa kweli, na nilijisifu kwa kuwa mtumishi asiyependelea kwao. Tena nilijiambia kwamba hawawezi kuchagua Koboko.

Walichagua Koboko. Kiwanja cha serikali kilikuwa upande wa pili wa barabara, mkabala na kibanda cha mama. Ukisimama mlangoni kwake unaweza kurusha gunzi likafika.

Mama alikuwa ameomba umeme miaka mingi. Alijaza karatasi, alipeleka picha, aliambiwa nguzo hazijafika. Mashine ya serikali ilipokuja, nguzo zilifika katika wiki mbili, na transfoma ikapandishwa juu. Alivuka barabara akauliza kama na yeye anaweza kuunganishwa. Waliokuwa wakifunga nyaya wakamwambia huu ni wa mradi.

Nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimejitayarisha kwenye gari njia nzima, nikipanga maneno ya ofisini: maendeleo, unafuu, akina mama. Nilimkuta ameketi juu ya gunia, fundi akinoa nyundo za kinu.

"Mama, mashine hii itasaidia watu," nikasema. "Bei itakuwa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya yako."

"Na dizeli yao nani analipa?"

"Ni umeme, Mama. Serikali inalipa."

Alicheka, kicheko cha kweli. Akamgeukia fundi. "Unasikia? Serikali naye sasa iko nasaga unga. Na mimi nafikiri yeye iko na kazi. Hii barabara nabomoka, ile hospitali hapana dawa, lakini yeye anaona mutu anasaga muhogo, anasema, hapana, hii kazi tamu, hata mimi nataka."

Fundi alicheka kwa heshima, akakohoa.

"Ushuru mimi nalipa kila mwaka," mama akaendelea, na sasa hakuwa anacheka. "Ya leseni, ya taka, ya kibao. Mimi ndiyo nimenunua ile mashine. Sasa inakuja kuniua kwa bei nusu. Wee umesoma, niambie hiyo inaitwa nini."

Nilisema mradi umeshapitishwa. Nikamwambia labda wateja watagawanyika. Hakuniuliza nani alijaza fomu, na mpaka leo sijui kama anajua.

Nimewaza sana jambo hili, na si kwa sababu ya mama tu. Sipingi serikali kuwa na kitu chake. Kama pale pasingekuwa na mashine hata moja, kama wanawake wangekuwa wanatembea mpaka mji mwingine na vikapu, ningepiga makofi mwenyewe. Na kulikuwa na wanawake, hasa wale wa kutoka kambi ya wakimbizi, ambao kwao bei ya mama ilikuwa mzigo kweli. Hao nusu bei iliwapumzisha, na siwezi kuwaambia walikosea kufurahi. Lakini kushindana ni neno la watu wanaoweza kushindwa. Mama akiharibu kazi mwezi mmoja, analala njaa. Mashine ya serikali ikiharibu, inaandikiwa ripoti, na ripoti niliandika mimi. Nyumbani watoto wanakula sahani moja, na hata wakigombania, kila mtu anapata. Mtu mzima akiketi kwenye sahani ya watoto akaanza kumega kwa mkono wake mkubwa, huwezi kusema watoto hawajui kula. Mama zetu walimfukuza mtu wa namna hiyo jikoni. Sisi tunamkatia utepe.

Utepe ulikatwa. Nilisimama pale nimevaa fulana ya mradi. Mama alikuja, akapiga makofi na wengine, kwa adabu.

Miezi ya kwanza ilileta kichekesho. Wataalamu walioagiza mashine walitoka mahali ambapo watu wanakula mahindi, na chujio lake lilikuwa la mahindi. Muhogo wetu wa kuvundikwa uliliziba kama udongo wa mfinyanzi. Basi wanawake wakapeleka mahindi ng'ambo ya barabara kwa nusu bei, wakaleta muhogo kwa mama. Ungedhani ni mgawanyo mzuri. Sivyo. Mahindi ndiyo kazi nyepesi, ndiyo yaliyokuwa yakilipia dizeli. Serikali ilichukua mnofu ikamwachia mama mfupa, na mama akaendelea kuutafuna kwa sababu hakujua kazi nyingine. Siku nyingine injini iliwaka kwa ajili ya vikapu vitatu. Kisha mashine ya ng'ambo ikaletewa chujio la pili, na hata mfupa ukaondoka. Wenye mashine wengine wawili wa sokoni walifunga kabla ya mama. Yeye alidumu mwaka mmoja zaidi kwa ukaidi tu.

Injini ilinunuliwa na mtu wa Kongo. Kinu kilikwenda kwa wauza vyuma chakavu. Fundi aliwasaidia kukipakia, kisha akafagia sakafu ya kibanda, na kesho yake asubuhi akaifagia tena. Mama hakumtoa kwenye chumba chake. Alisema amezoea kikohozi chake.

Mashine ya serikali ikabaki peke yake, na ikaanza kuwa serikali. Ilifunguliwa saa tatu, ikafungwa saa kumi. Jumapili hakuna. Bei ikapanda kidogo, kwa barua. Mwendeshaji wake alikuwa kijana mwenye cheti, mpole, mwaminifu, sina neno baya juu yake. Mwongozo wa uendeshaji niliuandika mimi. Kulikuwa na maneno kwamba jamaa za waendeshaji wanasaga bure usiku katika kituo kimoja, basi nikaandika sentensi hii, na niliipenda kwa jinsi ilivyonyooka: Ufunguo wa mashine utakaa na mwendeshaji peke yake, na hatampa mtu mwingine kwa sababu yoyote. Juu ya tawi kwenye kikapu sikuandika kitu. Ningeliandika chini ya kichwa gani?

Mwaka jana, siku ya Alhamisi, tulianza semina ya siku mbili ya waendeshaji wote katika ukumbi mmoja Arua. Niliiandaa mimi, barua za mwaliko zina sahihi yangu. Mada ilikuwa huduma bora kwa mteja. Saa nne tulikuwa kwenye chai, waendeshaji kumi na wawili wakila chapati na soda, simu yangu ikalia.

"Fundi amekufa," mama alisema.

Alikuwa amemkuta asubuhi hiyo, kitandani, mkono chini ya shavu. Watu wa kwao kambini walikuwa wameshapewa habari na walikuwa njiani, na mazishi yangekuwa kesho. Mama aliongea kwa sauti yake ya kazi, ile ya kupanga foleni. Alikuwa na muhogo wake na gunia la mtama, na majirani walikuwa wameleta vikapu.

"Sasa nasimama hapa kwa mashine yenu," akasema. "Jani iko kwa kikapu. Kufuli kubwa iko kwa mlango. Ufunguo iko wapi?"

Nilikuwa namtazama mwendeshaji wa Koboko. Alikuwa mstari wa mbele, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba ya bluu ya mradi. Tuliwagawia kamba hizo asubuhi.

"Ngoja, Mama," nikasema.

Nilimwita pembeni. Nikamwambia kuna msiba, nipe ufunguo, nitamtuma mtu wa boda, kwa saa moja na kidogo atakuwa Koboko, na pale kuna watu wanaojua kuwasha mashine. Kijana alishika ufunguo kwa vidole viwili. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli.

"Madam, pole sana. Lakini si ni wewe umeandika? Hapana kupatia mutu mwingine, kwa sababu yoyote. Kitu ikiharibika pale, nani atabeba?"

"Nitabeba mimi."

"Basi bosi aandike tu karatasi kidogo."

Nilikwenda kwa mkuu wangu. Alikuwa anachovya mfuko wa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakuwa mkali.

"Msiba wa nani? Wa ndugu yako?"

"Fundi wa mama yangu. Wa zamani."

"Pole. Lakini fikiria mwenyewe. Leo tunavunja utaratibu kwa sababu ya mama yako, kesho kila ofisa atakuja na mama yake. Jumamosi mashine itafunguliwa kama kawaida."

Alichosema kilikuwa na akili, na ndicho kinachoniuma. Ningekuwa kwenye kiti chake ningesema vilevile, pengine kwa ufasaha zaidi. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumvua yule kijana kamba shingoni, nikapanda boda mwenyewe, nikafukuzwa kazi, nikarudi Koboko na kitu cha kujivunia. Nilirudi kwenye kiti changu. Mwezeshaji alikuwa ameanza kipindi cha pili, na nikachukua kalamu nikaandika alichokuwa anasema. Nilimtumia mama ujumbe kwamba haiwezekani leo. Sikuwa na ujasiri wa kumpigia.

Nilifika Koboko Ijumaa, baada ya ibada ya mazishi. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, nyuma ya kibanda, mahali alipozoea kuotea jua. Watu wa kwao walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wazee na wanawake, wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Walikuwa wanakula posho, ugali mweupe wa unga wa mahindi wa pakiti, na maharage. Mifuko mitupu ya unga wa dukani ilikuwa imekunjwa vizuri pembeni. Mama hatupi mfuko. Vikapu vya muhogo na mtama vilikuwa bado vimepangwa ukutani, na tawi kwenye kile cha mbele lilikuwa limenyauka.

Nilianza kumwomba radhi. Alinikatisha kabla sijafika mbali.

"Yeye amesaga unga ya kila mutu aliyekufa hapa," alisema, akitazama mikeka, si mimi. "Yake tumenunua dukani."

Hakulia, wala hakunifokea. Ningefurahi angenitukana kama alivyowatukana wale wa muhogo mbichi. Alinipa sahani ya posho, naye hakujipakulia. Nilikula. Haikuwa na ladha yoyote, na nilikula yote.

Baadaye kidogo alinishika mkono, kama zamani, akanipeleka kwa mzee mmoja wa upande wa marehemu, aliyekuja na gari kutoka kambini. Nilijua sentensi inayokuja, na kwa mara ya kwanza maishani niliiogopa.

"Huyu mtoto yangu," mama akasema. "Anakaa Arua."

Nilingoja. Mzee naye alingoja, akitabasamu.

"Anafanya kazi gani?" akauliza.

"Alisoma," mama akajibu, kisha akaenda kuchukua maji ya kunawa.

Mzee akanigeukia mimi. Nikamwambia nafanya kazi ofisini. Ofisi gani, hakuuliza, nami sikumwambia.